Kabla ya Kutangaza Kwamba Mifumo Miwili ya Keosi Imesawazika

Anayeanza kuchunguza usawazishaji wa mifumo ya keosi, yaani jinsi mifumo ambayo tofauti ndogo ya mwanzo hukua haraka inavyoweza kwenda sawa, huvutwa kwanza na grafu: mikondo miwili iliyoanza mbalimbali inaungana, naye huona kazi imekwisha. Ningemshauri aitazame grafu mwisho, aanze na milinganyo ya tofauti kati ya mifumo hiyo.

Mfumo wa Lorenz wa mwaka 1963, wenye milinganyo mitatu ya x, y na z na vigezo 10, 28 na 8/3, unafaa sana kwa zoezi hilo. Kwa njia ya wanafizikia Pecora na Carroll ya mwaka 1990, chukua x ya mfumo unaoendesha na uiingize katika milinganyo ya y na z ya mfumo unaoendeshwa. Andika tofauti za y na za z, uzipige mraba, uzijumlishe, kisha utafute kasi ya mabadiliko ya jumla hiyo. Sehemu zenye x hufutana, zikabaki hasi tupu; kwa hiyo tofauti hufifia kutoka hali yoyote ya mwanzo, na hilo umelithibitisha kwa kalamu tu. Ukiendesha kwa z, hufui dafu: milinganyo haibadiliki x na y zinapogeuzwa alama kwa pamoja, hivyo z haiwezi kuujulisha mfumo wa pili uko upande upi.

Pale ambapo kalamu haitoshi, kokotoa vipeo vya Lyapunov (kasi ya wastani ambayo tofauti ndogo hukua, kikiwa chanya, au hufifia, kikiwa hasi) vya mfumo unaoendeshwa, ukiuchukulia msukumo wa nje kuwa tayari unajulikana. Kipeo kikubwa kikiwa chanya huku mikondo imeungana, ishuku kompyuta yako. Mwaka 1994 wanafizikia Maritan na Banavar walieleza kwamba kelele ya pamoja, yaani msukumo uleule wa nasibu katika mifumo yote, husawazisha mifumo ya keosi. Mwenzao Pikovsky akaonyesha kuwa katika mfano wao wa mlinganyo wa lojistiki, ambao ni mlinganyo mfupi wa keosi, kipeo kilikuwa chanya. Kompyuta hutunza tarakimu chache tu, na thamani mbili zikishalingana hadi tarakimu ya mwisho, hazitengani tena kamwe. (Hoja hii, kwa maoni yangu, ilistahili kufundishwa kabla ya programu yoyote.)

Hata kipeo hasi ni wastani tu. Mkondo ukipita karibu na mizunguko isiyo thabiti, tofauti inaweza kukua ghafla, na mifumo inayotofautiana hata kidogo hutengana kwa vipindi. Kwa hiyo badilisha kidogo kigezo kimoja cha mfumo unaoendeshwa, uache hesabu iende muda mrefu, kisha uripoti tofauti kubwa kabisa iliyojitokeza pamoja na wastani wake.