Leza ni ya dakika moja, vumbi la Dodoma ni la miezi mitatu

Miwani nilianza kuvaa darasa la sita, mwalimu alipogundua kwamba nilichokuwa nanakili ubaoni kilikuwa kinatoka kwenye daftari la jirani. Leo kazi yangu ni kupima viwanja, na tangu serikali ihamie Dodoma kazi hiyo haijapumzika: leo Nala, kesho Iyumbu, keshokutwa Ihumwa. Mtu akidhani nilifanyiwa leza ya macho, ile ya kuachana na miwani, kwa ajili ya urembo, namwambia aje asimame nami saa saba mchana porini Nala. Jasho limechuruzika kwenye miwani, vumbi limeganda juu ya jasho, halafu ainamie mashine ya kupimia aitafute prizma (kioo kinacholengwa) iliyo mita mia tatu mbele. Unafuta kwa pindo la fulana, unazidi kuichubua. Miwani yangu ilikuwa haimalizi mwaka.

Nilifanyiwa mwezi wa nane mwaka jana. Tangu hapo kila mvaa miwani ofisini amenivuta pembeni, na wote swali lao ni moja: inauma? Siku yenyewe haiumi. Natamani wangeniuliza nililala wapi wiki ya kwanza, nani alinipikia, na upepo wa Agosti nilikutana nao vipi.

Nilianza kwa kusubiri. Nilikuwa nanyonyesha, na daktari wa macho hapa Dodoma aliniambia nisijisumbue kwenda Dar es Salaam mpaka nimwachishe mtoto ziwa na miezi kadhaa ipite, kwa sababu mimba na kunyonyesha huyumbisha namba ya miwani. Leza inachonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ili ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na miwani. Namba ikiwa bado inatembea, utachongwa leo na mwakani utavaa miwani tena. Toa karatasi zako za vipimo vya nyuma uzilinganishe. Kama mwaka mzima au zaidi namba haijasogea, hapo una la kuzungumza na daktari. Zangu zilikuwa hasi 4.75 kulia na hasi 5.25 kushoto, miaka miwili hazijaguswa.

Nilikuwa pia na zile lenzi laini za kuvaa juu ya jicho, nilizozitunza kwa ajili ya harusi. Hizo niliziacha wiki mbili kabla ya vipimo. Huwa zinabonyeza konea, na mashine ikija inasoma umbo ambalo si lako.

Vipimo ndiyo sehemu ambayo ningeomba usiiharakishe hata kidogo. Nilikwenda Dar es Salaam na mdogo wangu, ambaye naye alitaka kuachana na miwani. Yeye ana aleji ya macho tangu utotoni; kiangazi kikianza anayafikicha hadi yanakuwa mekundu kama pilipili. Wakatupiga wote wawili ramani ya konea. Ramani hiyo inatoka kwa rangi, na yeyote aliyewahi kuchora ramani ya mwinuko ataisoma bila kufundishwa: bluu ni tambarare, nyekundu ni mlima. Ya mdogo wangu ilikuwa na doa jekundu chini kidogo ya katikati. Niliona kilima mahali pasipotakiwa kilima kabla daktari hajafungua mdomo. Konea yake imekonda na inachomoza mbele, ugonjwa unaoitwa keratokonasi, na leza ingezidi kuikondesha. Alikataliwa palepale. Badala yake alipangiwa matibabu ya kukaza konea, matone ya vitamini B2 halafu mwanga wa urujuanimno, na akaonywa asifikiche macho tena maishani. Alinuna njia nzima mpaka Tabata. Mimi moyoni nilishukuru, maana bila tamaa yangu ya leza asingepimwa. Ukifika mahali wanakupa tarehe ya operesheni kabla hawajakupiga ramani hiyo na kupima unene wa konea, chukua mkoba wako uondoke.

Huo unene, pamoja na kazi yangu, ndivyo vilivyoamua aina ya leza yangu. Konea ya watu wengi ina takriban mikroni 540, nusu milimita na ushee kidogo. Yangu ilisoma 496. Kila namba moja ya miwani hula mikroni 12 hadi 15 hivi, kwa hiyo jicho la kushoto lingetoa kama 70. Njia inayojulikana zaidi, LASIK, kwanza hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua, leza huchonga chini yake, kisha kifuniko hurudishwa. Unaona vizuri kesho yake. Lakini kifuniko nacho kina unene wake, na kinabaki kuwa kifuniko: pigo kali linaweza kukihamisha. Njia ya pili, PRK, haina kifuniko. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza huchonga, ngozi huota upya yenyewe. Inauma zaidi na inachelewa zaidi. Daktari aliniuliza kazi yangu nafanyia wapi. Nikamwambia porini, kwenye miiba, matawi yanarudi usoni kila siku. Akasema basi PRK, wala hatukujadili tena.

Mama aliposikia neno operesheni alilia. Kumbukumbu yake ni bibi yangu wa Kongwa, aliyekuwa na ugonjwa wa vikope (trakoma). Kope zake zilipinda zikaingia ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila akipepesa, naye akazing'oa mwenyewe kwa kibanio kidogo cha chuma alichokifunga kwenye pindo la khanga. Mpaka leo nikifumba macho naona kile kibanio. Kongwa imefahamika kwa watafiti wa macho tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Nayataja haya kwa kuwa majirani wengi walinijia na wazee wao: "Mwanangu, hiyo leza yako haiwezi kumsaidia bibi?" Haiwezi. Leza hii haitibu vikope, wala mtoto wa jicho, na haizuii ile hali ya kusogeza simu mbali ili usome ukishavuka miaka 40. Bibi apelekwe kliniki ya macho. Kwa vikope na mtoto wa jicho kuna operesheni zake.

Fedha nitaieleza hivi: ilikuwa ya kupaulia. Bima haikutoa hata shilingi, wakasema ni hiari. Baba watoto alizitazama kuta zetu za Nzuguni, akanitazama mimi, akasema bati halitazeeka dukani.

Siku yenyewe ilikuwa fupi. Matone ya ganzi, kibanio cha kuzuia kope, taa ya kijani inayocheza juu yako, sauti kama ya cherehani ya haraka. Kila jicho halikumaliza dakika moja ya leza. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua usishtuke, hujaungua. Ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193 unaotenganisha molekuli za konea tabaka kwa tabaka. Wakaniwekea lenzi laini kama bandeji, nikatoka nikiona saa ya ukutani bila miwani. Nikampigia mama simu kwa majigambo.

Majigambo yaliisha usiku. Siku ya pili na ya tatu ndizo ninazotaka uziandalie mahali. Chukua kitunguu kibichi, ongeza mchanga, ongeza mtu anayekumulika kwa kurunzi: ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa chumba cha ndani kwa dada yangu Tabata, pazia limefungwa, khanga mbili zimepachikwa juu ya pazia, machozi yanatiririka mpaka masikioni. Simu sikuweza kuitazama. Dada alikuwa ananisomea saa za dawa: matone ya kuzuia maambukizi mara nne kwa siku, ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na machozi ya bandia kila nikikumbuka, na mimi nilikumbuka kila dakika kumi. Vidonge vya maumivu meza kwa saa zake, usisubiri mpaka maumivu yapande.

Katikati ya mateso hayo nilimsihi muuguzi kwa simu anipe ile chupa ya ganzi. Alinijibu kwa upole kama anayemkatalia mtoto kisu. Ganzi ukiitumia nyumbani inazuia ngozi ya konea isiote, na inaweza kuliharibu jicho moja kwa moja. Kama una ndugu anayeweza kukupatia, mwambie asikuonee huruma ya namna hiyo. Shangazi naye alifika jioni na dawa yake: jirani ana mtoto mchanga, maziwa ya mama matone mawili tu. Sikutaka kumvunjia heshima. Nilimwambia, "Shangazi, daktari amenifunga, nisiongeze kitu hata maji ya bomba," naye akakubali, maana kwa shangazi yangu neno la daktari huvunja hoja yoyote ya mpwa.

Siku ya tano wakatoa ile bandeji. Maumivu yalikuwa yameisha, lakini nilikuwa naona vibaya kuliko siku ya kwanza. Hilo hakuna aliyeniandaa nalo vya kutosha. Ngozi mpya huota kutoka pembeni kuja katikati, na pale inapokutana, mbele ya mboni kabisa, huacha kama mshono kwa siku kadhaa. Nilisoma mabango ya daladala kama mtu anayesoma kupitia chupa.

Nilirudi Dodoma siku ya nane kwa treni ya SGR. Kosa langu lilikuwa kukaa chini kabisa ya tundu la kiyoyozi. Tunafika Morogoro macho yamekauka kama ngozi ya ngoma. Omba kiti kingine, au jifunike, na matone yakae mkononi, yasikae kwenye begi lililo juu.

Halafu Agosti ya Dodoma. Nanenane ilikuwa imepita, watu wametawanyika kutoka viwanjani Nzuguni, vumbi lao limebaki. Miezi hiyo mvua hakuna, upepo unatoka kusini-mashariki mchana kutwa, na mtaa wetu nusu yake ni nyumba zinazojengwa. Siku ya kumi na mbili nilijiona nimepona nikapanda bodaboda kwenda Majengo kununua mboga. Miwani ya jua nilikuwa nayo, ya kupendeza, yenye uwazi pembeni. Kimbunga kidogo cha vumbi kikatupitia pale pa kuvukia, na mkono ukaenda wenyewe: nikafikicha jicho la kushoto. Kliniki wakapaka rangi ya njano, wakamulika taa ya bluu, mkwaruzo ukaonekana unang'aa kijani. Wiki nzima ya maendeleo ikapotea.

Baada ya hapo nilinunua miwani ya mafundi wa kuchomelea, ile ya kinga iliyofunga mpaka pembeni, na juu yake kofia pana. Nilionekana kituko, nikaona ahueni. Usiku nilibandika vikinga vya plastiki juu ya macho kwa plasta, wiki mbili zaidi ya nilizoambiwa. Jiko la mkaa sikulisogelea mwezi mzima, na vitunguu nilikatiwa. Na jua: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baada ya PRK mwanga mkali wa urujuanimno unaweza kuletea konea ukungu unaobaki. Miwani ya jua yenye kinga kamili ivae kwa miezi, hata kama umetoka nje kuanika nguo tu.

Nunua matone yote ya mwezi mzima kabla hujaondoka mahali ulipotibiwa. Yangu yaliisha wiki ya tatu, nikaenda duka moja la dawa, muuzaji akanipa chupa yenye boksi la rangi ileile: "Ni yale yale, dada." Hayakuwa yale. Steroidi ya macho inapunguzwa kwa ratiba, na ukiitumia kiholela inaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kusikia chochote. Ndiyo maana nilirudi kupimwa presha hiyo mara mbili, hata pale nilipojiona mzima.

Wiki ya nne nilirudi ofisini, kwenye ramani, si porini. Asubuhi niliona vizuri, saa tisa alasiri namba za kompyuta zikaingia ukungu. Mtu akitazama skrini hupepesa macho mara chache, na konea iliyofanyiwa leza tayari ina ukavu wake. Niliweka karatasi juu ya skrini imeandikwa PEPESA. Usiku taa za malori ya barabara ya Morogoro zilikuwa na duara la mwanga kama mwezi wakati wa mvua, na sikugusa usukani baada ya magharibi mpaka miezi mitatu ilipopita. Duara limepungua sana, halijaisha.

Kipimo cha miezi sita baada ya leza: jicho la kulia 6/6, yaani uoni wa kawaida, la kushoto, lile nililolifikicha, 6/9, chini yake kidogo. Daktari alisema inawezekana kulirekebisha kidogo, konea bado inaruhusu, niseme tu tarehe. Nilimuuliza swali moja: lazima iwe kiangazi? Akacheka, akasema hapana. Tumepanga Februari, mvua ikiwa imelaza vumbi, na dada ameshaambiwa atoe zile khanga mbili.