Chukua kifungu kimoja kifupi mkae nacho

Dada, kwa huyo mwanao wa kidato cha pili anayesoma vizuri ila akiulizwa "kwa nini" anakwama, usimrundikie mahabari marefu, chukua kifungu kimoja cha mistari kumi hivi mkae nacho hata siku mbili. Mi napenda ile ya kipindupindu London 1854, daktari John Snow alifuatilia akaona wengi waliokufa walikuwa wanachota maji pampu moja ya Broad Street, akawashawishi wakubwa wa mtaa wakaung'oa mpini wake. Sasa hapo usimuulize mwaka gani au nani, hayo anakopi tu. Muulize wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu mbona hawakufa? (walikuwa wanakunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake). Halafu lile gumu, wagonjwa walishaanza kupungua kabla mpini haujang'olewa, je ni mpini ndo uliomaliza ugonjwa? Mwache abishe, ila kila akisema kitu aweke kidole kwenye sentensi iliyomfanya aseme hivyo, kazi yote ipo hapo kwenye kidole aisee, wangu ilimchukua kama wiki tatu kuzoea