Turbo haijafa: maswali yenu kuhusu gari iliyokosa nguvu

Safari hii barua nyingi zinaelezea jambo moja. Taa ya injini imewaka, gari haivuti, mashine ya kusoma hitilafu imetoa namba, na neno la kwanza la gereji ni "nunua turbo", yaani ile feni inayozungushwa na moshi ili iijazie injini hewa. Linaniuma hili. Turbo iliyotumika inaagizwa Dar es Salaam au Dubai kwa pesa za mtu za miezi, na mara nyingi ikifungwa ugonjwa unabaki pale pale, kwa sababu kilichoharibika ni kile kinachoiongoza.

Fundi, assalaam alaykum. Naendesha Hiace ya dizeli, Wete hadi Chake. Penye vilima inakuwa nzito, injini inanguruma tu. Mashine imesoma P0299, nimeambiwa turbo imekufa. Nikaitafute? (Dereva, Wete)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Usitoe pesa bado. P0299 inasema kompyuta iliagiza mgandamizo fulani wa hewa ikapata pungufu. Nani kaupunguza, haikusema.

Anza na mipira mikubwa. Hewa ikitoka kwenye turbo hupita kwenye intakula, kile kipozeo cha hewa, ndipo iingie kwenye injini, na kila kiungo kina mpira na klipu. Pitisha mkono chini ya mpira, ule upande usioonekana ukifungua boneti. Unyevu kidogo wa oili ndani ya mpira si ajabu. Lakini ukigusa nje ukakuta oili imeshikana na vumbi mahali pamoja, hapo ndipo hewa inapokimbilia. Mpira uliochanika hujifumba gari ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, na kufunguka mafuta yakikanyagwa, kwa hiyo muweke mwenzio kwenye usukani akanyage, wewe sikiliza.

Mipira ikiwa mizima, itazame turbo yenyewe. Ikiwa ina kikopo cha bati chenye mpira mwembamba juu na fimbo chini, inaendeshwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Kwenye turbo hizi za dizeli, vakyumu huivuta fimbo, na fimbo hufunga vibati vidogo vinavyozunguka gurudumu la upande wa moshi. Ni sawa na kubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: njia ikiwa nyembamba, moshi unapita kwa kasi na turbo inaamka mapema. Vakyumu isipofika, vibati hubaki wazi na gari inakuwa hivyo hivyo ulivyoieleza.

Tafuta pampu ya mkono ya vakyumu, hata ya kuazima. Chomoa mpira kwenye kikopo, unganisha pampu, vuta. Fimbo ikipanda laini na kubaki juu, kikopo na vibati ni vizima, basi rudi nyuma ukague solenoidi (vali ya umeme inayoongoza turbo), mpira wake na pampu ya vakyumu ya injini. Ikipanda kisha ikateremka yenyewe, kiwambo cha ndani kimetoboka. Mshale wa pampu ukikaa imara na fimbo isitikisike, vibati vimekwama. Mara nyingi kosa liko kwenye ule mpira mwembamba tu: joto la injini huukausha, ukapasuka nchani, na kama una urefu wa kutosha unaukata ncha na kuurudisha.

Halafu kuna sensa ya mgandamizo. Fungua swichi bila kuwasha injini, isome kwenye mashine. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo lazima ioneshe karibu na kilopaskali 101, yaani hewa ya kawaida. Fundi wa Mbeya, kwa ule mwinuko wa mji wao, atasoma kiasi cha 83 na itakuwa sawa kwake. Wewe ukisoma 83 Wete, sensa au waya zake zinadanganya, na kompyuta nayo inadanganyika.

Ukishapita yote hayo ukakuta yako sawa, hapo ndipo turbo inastahili kushutumiwa.

Prado yangu ya dizeli mjini haina tatizo. Nikienda Nungwi, nikitaka kulipita gari jingine, ghafla inakata nguvu. Nikizima na kuwasha inarudi. Namba ni P0234. (Mama wa watoto watatu, Fuoni)

Dada yangu, yako ni kinyume cha ya huyo wa Wete. P0234 ni mgandamizo kuzidi. Vibati vimejifunga na vinachelewa kufunguka, hewa inajaa kupita kiasi, na kompyuta inapunguza mafuta ili injini isiumie. Ukizima na kuwasha inajaribu upya, ndiyo maana unaona kama imepona.

Sababu niliyoikuta mara nyingi ni masizi. Gari ya dizeli inayopeleka watoto skuli na kurudi, kisha sokoni Mwanakwerekwe na kurudi, haipati joto la kuyachoma. Mwambie fundi asogeze mkono wa vibati injini ikiwa imepoa. Unatakiwa uende mwanzo hadi mwisho bila kukwaruza. Ukinata katikati, turbo ishushwe, upande wa moshi ufunguliwe na kusafishwa. Kabla hajaufungua aweke alama kwenye magamba yote mawili ili yarudi yalivyokuwa, na ile skrubu ndogo inayozuia mkono asiiguse kabisa. Hiyo imepangwa kiwandani, na akiizungusha kwa kukisia atakuzulia ugonjwa mpya.

Kama turbo yako ina mota ya umeme badala ya kikopo, usafi ni huo huo, ila baada ya kuifunga huenda mota ikahitaji kufundishwa upya mwisho wake kwa mashine. Muulize fundi kama anayo mashine ya kufanya hivyo kabla hajashika spana.

Subaru Forester ya petroli yenye turbo. Nilibadilisha mipira midogo yote iliyochakaa, sasa gari imelegea kuliko mwanzo. (Kijana, Kwamtipura)

Mipira ya zamani umeitupa? Natumai hapana. Ndani ya mmoja wao, ule unaotoka kwenye turbo kuelekea kwenye solenoidi, mna kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba sana. Kibonyeze kwa vidole, utakihisi kigumu ndani. Kazi yake ni kupunguza hewa inayokwenda kufungua mlango wa kupunguzia moshi, ule unaoupitisha moshi pembeni ya turbo. Kisipokuwepo, solenoidi inazidiwa, mlango unafunguka mapema na turbo haijazi. Kihamishie kwenye mpira mpya. Solenoidi usiibadilishe.

P0045. Nimeweka solenoidi mpya, namba imerudi siku ile ile. (Mwenye gari ya kubebea wageni, Paje)

Kwa sababu P0045 inalalamikia njia ya umeme ya kuongoza turbo, na solenoidi ni sehemu moja tu ya njia hiyo. Chomoa soketi yake, fungua swichi, pima kwa mita. Kwenye gari nyingi waya mmoja unatakiwa uwe na umeme wa betri. Hamna, angalia fyuzi na rilei. Upo? Basi ufuate waya wa pili hadi kwenye kompyuta, ukitafuta uliposagwa na bati au kukatika ndani ya plastiki yake. Taa ya kupimia ya balbu usiitumie kwenye waya huo, unaweza kuiunguza kompyuta.

Na kwa anayeishi Paje, ufungue mdomo wa soketi mwangani kabla ya yote. Chumvi ya bahari huota ukungu wa kijani kwenye pini, ukausafisha, umeme ukapita.

Nasikia mluzi mkali na moshi wa buluu. Namba hakuna. Naweza kuendelea hadi mwisho wa mwezi? (Mkoani)

Hapana, mzee wangu, isimamishe leo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na kwa mluzi huo shafti ya turbo huenda imelegea. Ikikatika, vipande vinaweza kuingia kwenye injini, na dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe inaweza kukataa kuzimika.

Kile kifaa kidogo cha kuchomeka, kinachosoma kwenye simu, kinatosha? (Chake Chake)

Kwa kusoma namba na kuangalia sensa ya mgandamizo, kinatosha. Kwa gari nyingi hakikuoneshi mgandamizo ulioagizwa na kompyuta ili uulinganishe na uliopatikana. Kwa hilo unahitaji mashine inayoijua gari yako, na mtu wa kuitazama wakati wewe unaendesha.