Kuwapenda Warusi bila kuiamini Kremlin

Dada, umesema ulisoma Moscow, bado unampenda mama mwenye nyumba aliyekulea kama mwanawe, ila tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, ndugu zako wanakuita kibaraka wa Putin. Nami nilisoma huko, nakuelewa.

Usiombe radhi kwa kupenda pelmeni (maandazi ya nyama ya kuchemsha) na hadithi za mwandishi Chekhov. Waambie mara moja, waziwazi, kwamba vita unavipinga, kisha badilisha mazungumzo. Aliyekukaribisha chai jikoni kwake hakupanga uvamizi. (Wapo wanaouunga mkono kwa moyo wote, hapo usijidanganye.)

Mimi ninayemhofia ni huyo mama. Kwenye simu usimchokoze aseme lolote kuhusu jeshi: kwa sheria ya Urusi ya Machi 2022, "habari za uongo" kuhusu jeshi zinaweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Mwulizie afya, wajukuu, viazi vya dacha (nyumba yake ya shambani). Akianza mwenyewe, msikilize tu.

Kuhusu mpwa wako aliyeahidiwa kazi huko: asitie saini mkataba wa Kirusi kabla mwanasheria anayeijua lugha hajausoma, na aulize wizara ya mambo ya nje. Wapo Waafrika waliojikuta vitani kwa njia hiyo.