Dawa, Mbegu za Kiume na Kinga ya Antioksidanti: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Nimesoma kwamba dawa fulani huharibu mbegu za kiume kwa njia ya oksijeni. Hewa tunayoivuta inawezaje kuwa sumu?

Inawezekana, na si habari mpya. Mwaka 1943 mtafiti John MacLeod alionyesha kwamba mbegu za kiume zikiwekwa katika oksijeni nyingi hupoteza mwendo wake, na kwamba zikiongezewa katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksidi (kemikali kali itokanayo na oksijeni), huendelea kuogelea. Sababu iko katika umbo la mbegu yenyewe. Ina kichwa kilichojaa vinasaba vilivyobanwa, sehemu ya kati yenye mitokondria za kuipa nguvu, na mkia. Ilipokuwa ikikomaa ilitupa karibu ute wake wote wa ndani, na ute huo ukaondoka na vimeng'enya vingi ambavyo seli nyingine hujilinda navyo. Utando wake nao umejengwa kwa mafuta ya aina inayochacha upesi. Kwa hiyo dawa inayozidisha radikali huru, yaani chembe kali, nyingi zitokanazo na oksijeni, ziharibuzo seli, ndani ya korodani, kama sisplatini au doksorubisini za kutibu saratani, huikuta seli iliyokwisha kuvua ngao zake. Inayobaki kuilinda ni kinga ya antioksidanti, yaani vitu vinavyozizima radikali huru, iliyomo kwenye manii, zikiwemo vitamini C, ambayo humo ni nyingi kuliko katika damu, na vimeng'enya vichache vinavyotoka kwenye tezi zinazoizunguka njia yake.

Swali: Nina saratani ya korodani na nitaanza tibakemikali yenye sisplatini. Tafiti nyingi zinasema vitamini E na likopeni (rangi nyekundu ya nyanya), ambazo ni antioksidanti, ziliwalinda panya. Je, nianze kuzitumia mapema?

Usianze kabla ya kuzungumza na daktari wako wa saratani, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Tafiti hizo zipo, na nyingi zina matokeo ya kutia moyo: panya waliopewa sisplatini pamoja na antioksidanti walibaki na mbegu nyingi zaidi, zenye mwendo mzuri zaidi, kuliko waliopewa sisplatini peke yake. Lakini panya wa tafiti hizo kwa kawaida hana saratani. Ni mnyama mzima wa afya aliyedungwa dawa ili aharibike, kisha akapimwa baada ya siku au wiki chache. Swali linalokuhusu wewe, yaani kama kidonge kinachoikinga korodani hakitaikinga pia saratani isiuawe na dawa, haliwezi kujibiwa kwa mnyama asiye na uvimbe. Sehemu ya madhara ya dawa hizi kwa seli za saratani hupitia radikali huru zilezile, na ndiyo maana madaktari wengi huwazuia wagonjwa wasitumie dozi kubwa za antioksidanti wakati wa matibabu. Tena, sisplatini hujishikiza moja kwa moja kwenye vinasaba vya seli zinazogawanyika, na dhara hilo halizimwi na vitamini.

Ulinzi ulio na uhakika zaidi kwako ni kuhifadhi manii kabla ya dozi ya kwanza. Hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, na huweza kukaa humo miaka mingi. Usikate tamaa sampuli ikiwa duni: tangu mwaka 1992, walipozaliwa watoto wa kwanza kwa njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, hata mbegu chache hai zina thamani. Uliza jambo hili leo, kwa kuwa baada ya dozi ya kwanza sampuli haitakuwa ileile. Uliza pia ni kwa muda gani baada ya matibabu mtapaswa kuzuia mimba.

Swali: Natumia sulfasalazini kwa ugonjwa wa utumbo mpana, na kipimo kimeonyesha mbegu chache. Nitumie antioksidanti gani?

Kabla ya kutafuta antioksidanti, muulize daktari kama dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Tangu mwaka 1979 imejulikana kwamba sulfasalazini hupunguza idadi na mwendo wa mbegu, na kwamba hali hiyo hurudi nyuma dawa ikiachwa. Sehemu inayolaumiwa ni salfapiridini, ambayo haimo katika mesalazini, dawa nyingine ya ugonjwa huohuo, na kwa wagonjwa wengi mesalazini hutosha. Usiache sulfasalazini kwa uamuzi wako, kwani ugonjwa ukiamka huleta madhara makubwa zaidi. Ukibadilishiwa, ngoja miezi mitatu ndipo upime tena: mbegu moja hutengenezwa kwa siku 70 hivi, kisha husafiri na kukomaa kwa muda zaidi. Kupima baada ya wiki tatu ni kupima mbegu zilizoanza kutengenezwa wakati wa dawa ya zamani.

Swali: Nilidunga testosteroni ili nijenge misuli, sasa sina mbegu. Vitamini zitanisaidia?

Hapana. Hapa ubongo umeona homoni ni tele, ukanyamazisha tezi ya pituitari inayoziamuru korodani kufanya kazi. Hakuna kinachochacha hapo cha kuzuiwa. Acha sindano kwa usimamizi wa daktari. Wengi hurejea ndani ya miezi kadhaa, wengine huchukua zaidi ya mwaka.

Swali: Kama vidonge vya antioksidanti na vitamini havina uhakika, vina ubaya gani kujaribu?

Ubaya upo, ingawa ni mdogo kwa dozi za kawaida. Jaribio moja la Marekani, lililochapishwa mwaka 2020, liliwapa wanaume 2,370 ama zinki na asidi ya foliki au kidonge tupu: waliopata mtoto walikuwa asilimia 34 upande wa kwanza na 35 upande wa pili, na waliotumia vidonge vyenye dawa walilalamika zaidi kuhusu tumbo, huku vinasaba vya mbegu zao vikiwa vimekatika kidogo zaidi. Vitamini E ya uniti 400 kwa siku, katika jaribio jingine kubwa, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Tena mbegu huhitaji radikali huru kiasi kidogo ili iweze kuliingia yai, hivyo kuzifuta zote si lengo. Anayetumia dawa yoyote na kutaka mtoto afike kwa daktari na orodha kamili ya dawa zake, pamoja na chupa za vitamini alizonunua mwenyewe.