Gundi ya unga kwa vichwa vya vikaragosi

Umeuliza kama gundi ya unga itashika kwenye vichwa vya vikaragosi, wale wanasesere wa kuchezesha kwa mkono, au ununue ya dukani. Inashika vizuri tu dada, hiyo gundi ya dukani acha. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vinne vya maji, vuruga kwanza na maji baridi isifanye madonge halafu weka motoni ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito, tia na kijiko cha chumvi isiote ukungu haraka. Mie nafundisha skuli ya maandalizi, watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza, huku Wete, Pemba, na ndo tunayotumia, watoto wanabandika vipande vya gazeti kwenye donge la karatasi ndo kichwa, nywele makumbi ya nazi. Shingo ya kikaragosi, pale kidole kinapoingia, ipime kwa kidole cha mtoto mwenyewe, si chako. Ila masika haikauki upesi, bandika tabaka mbili tu kwa siku.