Usisubiri ganzi iishe ndo uombe dawa: yaliyonikuta kwenye busha na ngiri

Wanaume wa huku Kusini tuna siri mbili kubwa, madeni ya pembejeo za korosho na busha. La kwanza niacheni nalo, la pili naliweka wazi hapa maana kila nikikaa kijiweni lazima mtu anivute pembeni aniulize kwa kunong'ona, "eti kaka, kule ukipasuliwa inauma?" Sasa jibu ndo hili, na ni refu kidogo.

Kwanza niseme tu, busha silo la madafu. Nimekua Mikindani naambiwa usinywe madafu mengi utaota busha, kumbe ni vijidudu vinavyoletwa na mbu, ndo hao hao wanaoleta matende, na ndo maana Mtwara na Lindi tumeteseka nalo miaka yote. Haya, tuendelee.

Siku yangu ilikuwa saa nne asubuhi. Nikakalishwa kitandani nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka, nikachomwa sindano ya mgongo, ndani ya dakika chache miguu ikawa mizito kama magunia mawili ya korosho ya mtu mwingine. Naisikia mikono ya daktari inavuta vuta kule chini, maumivu hamna, tunapiga stori za Simba na Yanga mpaka wanamaliza. Nikarudishwa wodini natabasamu. Nesi akampa mke wangu kibahasha cha vidonge akamwambia ampe saa saba, asisubiri. Saa saba ikafika mke wangu ananiletea maji na vidonge, mimi namwambia weka kwanza mama, mbona siumwi, dawa za bure za nini. Akakitia kibahasha kwenye kapu, chini ya kanga.

Hilo ndo kosa langu, na sikumlaumu mtu wa hospitali hata kidogo maana niliambiwa.

Saa saba na nusu vidole vya miguu vikaanza kucheza, nikafurahi. Mjomba akaingia na ming'oko yake, vile viazi pori vya huku kwetu, kwenye gazeti, nikamtambia kwamba mbu wanauma kuliko upasuaji. Saa tisa nikanyamaza. Saa tisa na robo nikawa nimeshika chuma cha kitanda, yaani maumivu hayakuja polepole kama nilivyodhani, yalikuja kama mtu kapiga teke mlango, kapu linapekuliwa, kibahasha hakionekani, kikapatikana, nikameza, na vidonge navyo vinataka muda wake, nusu saa mpaka saa nzima ndo vianze kazi. Mjomba ananiangalia, ananiambia kwa sauti ya chini, "jandoni hukulia, uje ulie hapa mbele ya watoto wa watu?" Basi na nesi akipita akiniuliza vipi, nasema safi tu. Usiku ule niliuhesabu dakika kwa dakika.

Nina mpwa wangu anasomea udaktari msaidizi, ndo alikuja kunifafanulia nikiwa nimeshapona. Anasema ganzi haitibu kidonda, inachofanya ni kufunga vijilango vya sodiamu kwenye neva ili taarifa ya maumivu isipite kwenda ubongoni. Kidonda kipo, kinapiga kelele muda wote, wewe tu simu yako imezimwa. Ikiwashwa, meseji zote zinaingia kwa mpigo. Na ganzi zenyewe zina aina. Lignokeini inayochomwa kwenye ngozi inakaa kama saa moja au mbili hivi, ikichanganywa na adrenalini inakaa zaidi kidogo. Bupivakeini ikichomwa kwenye kidonda inaweza kukubeba saa nne mpaka nane, ila hiyo hiyo ukipigwa ya mgongo, saa mbili tatu miguu inaanza kurudi.

Akanisimulia na kisa cha Wajerumani wawili, nilicheka mpaka kovu likanivuta. Mwaka 1898, mjini Kiel, daktari August Bier na msaidizi wake Hildebrandt walijaribishiana wenyewe kwa wenyewe ganzi ya mgongo, wakati huo walitumia kokeini. Hildebrandt akachomwa, akapigwa nyundo kwenye ugoko, akavutwa mpaka kende, hasikii kitu! Jioni wakaenda kula na kunywa mvinyo na kuvuta sigara kubwa. Usiku ganzi imeshaisha, jamaa anatapika, kichwa kinapasuka na miguu imevilia kwa zile nyundo. Nikasema huyu ndugu yangu kabisa, na yeye hakumeza vidonge mapema.

Miaka minne baadaye ikaja ngiri, upande wa kulia. Safari hii nilikwenda nimejipanga. Jioni kabla ya upasuaji alipopita mtu wa usingizi nikamuuliza, samahani dokta, hii ganzi itaniachia saa ngapi, na je kabla hamjashona mtaniwekea ganzi na kwenye kidonda chenyewe? Akacheka, akaniuliza umesoma wapi wewe, nikamwambia nimesoma kitandani. Akanipima uzito, kilo 71, akaandika, maana mwisho wa dozi ya ganzi ya kidondani wanaupiga kwa kilo za mtu. Kesho yake wakanipa ya mgongo, na kabla ya kufunga wakachoma bupivakeini kuzunguka kidonda. Mke wangu naye alitega alamu kwenye simu. Nilimeza vidonge nikiwa sijasikia chochote, najiona mjinga kabisa, lakini jioni nilikula wali na samaki nimekaa. Maumivu yalikuwepo, nisidanganye, hasa nikikohoa, ila yalikuwa ya mtu mzima anayeweza kuongea nayo.

Na hili sio la kwangu peke yangu, limefanyiwa utafiti sana. Wanachofanya wagonjwa wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wanachomwa ganzi kwenye kidonda, hawa wanachomwa maji ya chumvi tu, na si mgonjwa wala anayempima anayejua nani kapata nini, maana mtu akijua kachomwa dawa kali anaweza kupata nafuu hata kwa kuamini tu. Wote wanaruhusiwa dawa nyingine wakizidiwa. Halafu wanaangalia namba ya maumivu kuanzia 0 mpaka 10, akiwa ametulia na akikohoa, wanaangalia aliomba dawa baada ya saa ngapi, na alitumia mofini, ile dawa kali ya maumivu, kiasi gani ndani ya saa 24. Kwenye ngiri ganzi ya kidondani imeonekana inapunguza maumivu ya yale masaa ya mwanzo. Kwa kina mama wa opresheni ya uzazi kuna ganzi inachomwa kwenye ukuta wa tumbo pande zote mbili, inasaidia kama kwenye ya mgongo hakuwekewa mofini, kama aliwekewa basi inaongeza kidogo sana. Ona hapo, sio kila sindano ya ziada ina faida.

Kuna na bupivakeini iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta ili itoke taratibu kwa siku kadhaa, Marekani waliiruhusu 2011, ghali kweli kweli. Mwaka 2021 jarida la Anesthesiology likatoa uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, tofauti yake na bupivakeini ya kawaida ikaonekana ni ndogo mno. Kwa hiyo usijione maskini kwa sababu hospitali yako ina ile ya bei rahisi.

Ndo maana nesi akikuuliza unaumwa namba ngapi, usimjibu ukiwa umelala kama gogo. Kohoa kwanza, au jigeuze, afu mpe namba ya kweli. Mimi ile mara ya kwanza nilikuwa 9 nasema 2.

Tahadhari na zenyewe zipo. Ukichomwa ganzi ukasikia midomo inakufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni au masikio yanalia, sema hapo hapo, usione aibu, inaweza kuwa dawa imeingia nyingi kwenye damu na inaweza kufika kwenye degedege na moyo. Ukiwa na vidonda vya tumbo au figo mbovu waambie kabla hawajakupa dawa ya maumivu ya diklofenaki. Panadoli za miligramu 500 mtu mzima haizidi 8 kwa siku, wale mnaoongeza na ya duka la jirani kimyakimya acheni. Baada ya sindano ya mgongo mkojo ukigoma mwite nesi, na usishuke kitandani mwenyewe eti miguu imerudi, haijarudi yote. Na ikifika siku ya tatu nne maumivu yanapanda badala ya kushuka, kuna joto na usaha, hiyo sio ganzi tena, rudi hospitali.

Wiki iliyopita mjomba kanipigia usiku kutoka Nanyamba. Kaongea habari za mvua, mikorosho, bei ya sulfa, kazunguka weee, mpaka salio likakaribia kuisha. Mwisho kashusha sauti. "Mwanangu, hivi ile ya kuchomwa kidondani, inaitwaje vile? Niandikie kwenye meseji. Shangazi yako asijue."